Wengi Wape: Chama, Mgombea Asiyetarajiwa na Heshima ya Kura

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali katika semina ya elimu ya uraia)



Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi na demokrasia. Mada hiyo ni pana mno, na mtu anaweza kuizunguka kutwa nzima bila kusema lolote. Kwa hiyo nimeamua kuipunguza hadi kufikia swali moja tu, nalo ni hili: wananchi wanapomtaka mtu ambaye viongozi wa chama chao hawakumtarajia, au hawamtaki, chama kifanye nini? Na sisi ambao kazi yetu ni kuandikisha wapiga kura, kupokea fomu, kusimamia vituo na kuhesabu kura, tufanye nini?

Baadhi yenu mtadhani kwamba swali hili ni la wenzetu wa nchi za mbali, wenye vyama vya matajiri na mikutano ya mbwembwe. Sivyo. Ni swali letu tangu kabla ya Uhuru, na historia yetu imekwisha kulijibu mara kadhaa, mara nyingine kwa busara na mara nyingine kwa ukaidi. Wahenga walisema: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Mazungumzo yangu ya leo ni maelezo ya msemo huo.

FUNDISHO LA MBULU

Tuanze na mwezi wa Agosti, 1960. Tanganyika ilikuwa inachagua Baraza la Kutunga Sheria ambalo lingeiongoza nchi kuingia kwenye serikali ya madaraka na hatimaye Uhuru. Viti vilikuwa 71. TANU ilikuwa na nguvu kiasi kwamba katika majimbo 58 wagombea wake walipita bila kupingwa, na wananchi wa huko hawakupiga kura kabisa. Katika majimbo 13 yaliyobaki kulikuwa na upinzani. Siku matokeo yalipotangazwa, TANU ilikuwa imepata viti 70.

Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko Chama kilikuwa kimemteua Chifu Amri Dodo. Ndugu Herman Sarwatt, ambaye alikuwa mwanachama wa TANU kama wana-TANU wengine, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa Chama. Wananchi wa Mbulu wakamchagua Sarwatt.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU, wala hawakuukataa Uhuru, wala hawakuwa vibaraka wa mkoloni. Walichokikataa ni kuchaguliwa mtu. Walimpa kura mwana-TANU waliyemtaka, wakamnyima mwana-TANU waliyeletewa. Kama kungekuwa na sheria ya kumzuia Sarwatt asisimame, hesabu ya viti ingekuwa 71 kwa 71, na magazeti yangeandika kwamba ushindi ulikuwa kamili. Lakini ushindi huo ungekuwa umeificha Makao Makuu ya Chama habari iliyo muhimu kuliko kiti chenyewe: kwamba kamati na wananchi wa Mbulu hawakuwa na kauli moja.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mgombea asiyetarajiwa. Anakiambia chama ukweli ambao vikao vyake havikuuona, au viliuona vikaona aibu kuusema.

MWALIMU NA MAJIMBO 58

Kiongozi mwenye roho ndogo angesikitikia kiti kimoja cha Mbulu. Mwalimu Nyerere alisumbuliwa zaidi na yale majimbo 58. Katika kijitabu chake cha 1963 juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, alieleza tatizo ambalo wengi hawakutarajia kulisikia kutoka kwa kiongozi wa chama kilichoshinda kila mahali. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba chama kikiwa na nguvu kupita kiasi, uchaguzi halisi unahama kutoka kwenye sanduku la kura na kuingia kwenye chumba cha kamati. Yule anayeteuliwa na kamati ndiye mbunge. Kura ya mwananchi inakuwa kama muhuri wa posta juu ya barua iliyokwisha andikwa na kufungwa. Na pale ambapo hakuna anayethubutu kumpinga mteule wa kamati, hata muhuri huo hauhitajiwi.

Mwaka uliotangulia, katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, Mwalimu alikuwa amepata kura zaidi ya 1,100,000, na mpinzani wake, Ndugu Zuberi Mtemvu wa African National Congress, akapata 21,000 hivi. Mtu aliyeshinda kwa kiasi hicho angeweza kulala usingizi. Yeye aliona kwamba nguvu ile ile iliyokuwa imeuleta Uhuru ingeweza kuwanyima wananchi nafasi ya kuchagua.

Januari 1964 iliundwa Tume ya kutazama utaratibu wa nchi yenye chama kimoja cha kidemokrasia, ikiongozwa na Ndugu Rashidi Kawawa, na mwaka 1965 ikapatikana Katiba ya Muda. Mimi na ninyi twaweza kubishana juu ya uamuzi wa kuwa na chama kimoja. Ulifungia nje watu waliokuwa na haki ya kuwa na chama chao, na sifichi jambo hilo. Lakini tusilisahau jambo la pili lililokuwa ndani ya uamuzi huo huo: kwamba katika kila jimbo wananchi wawekewe wagombea wawili, na kwamba Chama kisiwe na mgombea wake.

JEMBE NA NYUMBA

Wale wenye umri mkubwa kidogo wanaukumbuka utaratibu huo. Mtu aliyetaka ubunge alitafuta wapiga kura wa kumdhamini. Mkutano Mkuu wa Wilaya wa TANU uliwapigia kura waombaji wote na kuwapanga kwa kufuata wingi wa kura. Majina yakapelekwa kwenye Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura yake bila kuongozwa mkono.

Masharti ya kampeni yalikuwa makali. Wagombea wote wawili walihutubia mikutano ile ile, iliyoandaliwa na Chama. Walitakiwa kusema kwa Kiswahili, si kwa lugha za makabila. Hawakuruhusiwa kutumia fedha zao katika kampeni, wala kutumia kabila, dini au rangi, wala kudai kwamba Mwalimu anamtaka huyu kuliko yule. Jembe na nyumba zenyewe zilizua maneno. Wapo waliosema jembe ndilo linalolisha nyumba, na wapo waliojibu kwamba mkulima akichoka hulala nyumbani, halali jembeni. Mchezo huo wa maneno haukumdhuru mtu.

Septemba 1965 nchi ikapiga kura katika majimbo 107, na isipokuwa machache, yote yalikuwa na wagombea wawili. Matokeo yaliwashangaza walio juu na walio chini. Mawaziri wawili walishindwa, pamoja na mawaziri wadogo kadhaa na wabunge wengi waliokuwa wakitetea viti vyao. Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba kule Kanda ya Ziwa tangu siku za mkoloni, alishindwa Mwanza. Wakati huo huo Ndugu Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, alichaguliwa Morogoro, na Ndugu Derek Bryceson, Mzungu, alichaguliwa Dar es Salaam na wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika.

Hapana shaka kwamba kamati isingethubutu kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja, yaani kumwangusha Waziri wa Fedha na kumpitisha Mzungu. Wananchi waliyafanya katika uchaguzi mmoja, na serikali haikuanguka wala Chama hakikuvunjika. Kinyume chake, hapana uchaguzi uliokipa Chama heshima zaidi, ndani na nje ya nchi, kuliko ule ambao wakubwa wake walishindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mwaka ule viongozi wetu walionyesha kwamba ni washindani.

Hata kura ya Ndiyo au Hapana, ambayo wengi waliidharau, ilikuwa na ulimi wake. Mwaka 1985 Ndugu Idris Abdul Wakil alikuwa mgombea pekee wa Urais wa Zanzibar. Alipata kura za ndiyo chini ya asilimia 60. Sanduku lilitoa habari, na aliyekuwa na masikio alisikia.

HOJA ZA WENYE CHUJIO

Sasa tuwasikilize wanaosema kwamba vikao vya juu lazima viwe na chujio. Hoja zao si za kupuuzwa, na mimi nafanya kazi katika gazeti la Chama. Nazisikia kila siku, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

Wanasema kwanza kwamba chama si soko ambalo kila mpita njia huweka biashara yake. Kina imani na nidhamu, na mtu aliyeingia jana hawezi leo kupewa bendera aibebe. Wanasema pili kwamba mtu kutoka nje mara nyingi huja na fedha, na mahali penye njaa fedha hupata kura. Wanasema tatu kwamba umati waweza kuvutwa na kabila, dini au maneno matamu, na kwamba wazee wa Chama wanaona mbali.

Katika hoja ya fedha kuna ukweli unaouma. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kila mmoja wetu anajua ukarimu huo ulivyokuwa: pilau, fulana, khanga, na bahasha. Ilibidi Mahakama Kuu, mwaka 2006, iseme kwamba takrima inavunja Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini tujiulize kwa uaminifu. Je, waliokuwa wakigawa takrima walikuwa watu wa nje tu? Wajumbe wa mikutano ya kura za maoni ndani ya Chama ni wachache kuliko wapiga kura wa jimbo zima, na mwenye fedha huona ni nafuu kununua mia kuliko kununua elfu hamsini. Kadiri mlango wa uteuzi unavyokuwa mwembamba, ndivyo bei ya mlinda mlango inavyopanda. Chujio lisilo na uwazi haliizuii fedha, bali huionyesha mahali pa kwenda.

Kuhusu imani na nidhamu, nakubali kwamba chama kina haki ya kuweka masharti. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mtu aliweza kuyaona ni makali, lakini yaliandikwa, yalichapishwa, na yalisomwa na mkulima kijijini kama yalivyosomwa na waziri. Aliyekatwa kwa sababu ya nyumba ya kupangisha alijua amekatwa kwa nini, na jirani zake nao walijua.

Tofauti iko hapo. Chujio lenye matundu yanayojulikana ni sheria. Chujio ambalo matundu yake hupanuliwa kwa rafiki na kubanwa kwa mgeni ni upendeleo, hata likipewa jina la maslahi ya Chama. Katika kura za maoni za mwaka 2020 maelfu ya wanachama wa CCM walichukua fomu za kuomba ubunge, jambo la kujivunia. Katika majimbo kadhaa, hata hivyo, aliyeongoza kwa kura hakuteuliwa. Pengine kulikuwa na sababu nzuri. Lakini sababu nzuri isiyotamkwa haina tofauti, machoni pa mwanachama aliyepanga foleni, na sababu mbaya.

Ama kuhusu wazee kuona mbali, wazee hao hao walimwona Chifu wa Mbulu asiyechaguliwa, wala hawakukiona kiti cha Mwanza kikiondoka. Macho ya wengi hukosea, na macho ya wachache hukosea pia. Lakini kosa la wengi husahihishwa na wengi wenyewe baada ya miaka mitano. Kosa la wachache husahihishwa na nani?

ANAYEFUNGIWA MLANGO HAPOTEI

Kuna jambo ambalo walinda mlango husahau. Mtu mwenye watu akifungiwa mlango hapotei, huzunguka nyuma ya nyumba. Mwaka 1995 Ndugu Augustine Mrema, aliyekuwa waziri wa serikali ya CCM, alihamia NCCR-Mageuzi na kupata karibu asilimia 28 ya kura za Rais. Mwaka 2015 jina la Ndugu Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, liliondolewa katika hatua za mwanzo kule Dodoma. Akahamia Chadema, akapata karibu asilimia 40 mbele ya asilimia 58 za Dk. John Magufuli. Sisemi kwamba wawili hao walistahili au hawakustahili. Nasema kwamba kamati iliwahesabu kama mtu mmoja mmoja, na sanduku likawahesabu kama mamilioni.

Lakini angalau hao walikuwa na chama kingine cha kukimbilia. Je, yule asiyetaka chama chochote? Hapa ndipo tunapokutana na shauri la marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, ambalo nawaomba walimu wa uraia walifundishe.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi mwaka 1991. Walio wengi walitaka chama kimoja kiendelee; hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mfumo mpya ulileta sharti la mgombea kudhaminiwa na chama. Mtikila akaenda mahakamani. Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akaamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Kabla wino haujakauka, Bunge likarekebisha Katiba ili kuizuia haki hiyo. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa amekwisha staafu, alipinga kwa maandishi, akionya kwamba nchi ikianza kuzipunguza haki za msingi za raia kwa sababu haki hizo zimewasumbua wakubwa, hapajulikani itasimama wapi.

Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge kuamua, si la mahakama. Tarehe 14 Juni, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Rasimu ya Katiba iliyotayarishwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba nayo iliruhusu mgombea huru. Lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, na chaguzi zilizofuata, hadi ule wa 2025, zimefanyika kwa wagombea wa vyama peke yake.

Tazameni kejeli ya historia. Mwaka 1960, chini ya bendera ya Mwingereza, mtu wa Mbulu aliweza kumchagua Sarwatt. Chini ya bendera yetu wenyewe, yenye vyama karibu ishirini, mtu huyo huyo asingeweza.

KARATASI ISIYO NA JINA

Njia ya zamani ya kumzuia mgombea ilikuwa kumnyima uteuzi ndani ya chama. Njia mpya ni kumwondoa mezani pa afisa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa vyama vya upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, vyama hivyo vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2020 wagombea ubunge zaidi ya ishirini wa Chama walipita bila kupingwa. Tulirudi, bila kujua au kwa kujua, kwenye yale majimbo 58 yaliyomnyima Mwalimu usingizi.

Siwezi kuzungumza juu ya uchaguzi mbele ya walimu nikauruka ule wa tarehe 29 Oktoba, 2025. Chama kikubwa cha upinzani hakikuwemo. Mgombea Urais wa ACT-Wazalendo aliondolewa. Siku ile na siku zilizofuata damu ya Watanzania ilimwagika, mali iliharibiwa, na Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikaundwa. Mimi si hakimu, na sitatangulia hukumu. Nasema jambo moja tu, kama mwana-Chama: asilimia 98 ya kura haikutosha kuwafariji wazazi waliozika. Mwaka 1965 tulipoteza mawaziri wawili kwa kura, nchi ikalala kwa amani. Afadhali kupoteza mawaziri.

WAJIBU WETU

Sasa nije kwenu, maana ninyi si watazamaji. Hadi mwaka 1964 mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU; kisha akaruhusiwa, na kwa miaka karibu thelathini ofisi na Chama vikawa kama pande mbili za shilingi. Mwaka 1992 sheria ilibadilika, lakini mazoea hayabadiliki kwa tarehe ya gazeti la serikali. Wapo wenzetu wanaodhani hadi leo kwamba kumwengua mgombea wa nje ni kukitumikia Chama, na kwamba Chama kitawashukuru.

Nawaambieni, hiyo si huduma. Afisa anayepokea fomu akaona herufi moja imekosewa, akanyamaza hadi saa kumi jioni ili apate sababu ya kuikataa, hajamkosea mgombea peke yake. Amewakosea wapiga kura wa jimbo zima, kwa maana amewachagulia. Na amekikosea Chama pia, kwa sababu amekinyima nafasi ya kujua kama kinapendwa. Daktari anayevunja kipimajoto hajaiponya homa.

Kwa hiyo naweka mbele yenu mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wenu bila kungoja sheria mpya. Afisa apokee fomu kwa mikono miwili, na kama ina kosa la kurekebishika, amwonyeshe mhusika lirekebishwe papo hapo, awe wa chama chochote. Karani na msimamizi wa kituo, ambao wengi wao ni walimu, wahesabu kura mbele ya mawakala wote, wajaze fomu ya matokeo kwa kalamu na si kwa simu kutoka kwa mkubwa, na wabandike nakala ukutani pale pale. Na mwalimu darasani afundishe habari za Mbulu, za jembe na nyumba, na za shauri la Mtikila, ili kijana wa leo ajue kwamba kumpinga mteule wa kamati si uhaini. Ni sehemu ya urithi wake.

Viongozi wa Chama nao wana la kufanya, na nalisema kwa heshima. Masharti ya uteuzi yaandikwe na kutangazwa kabla fomu ya kwanza haijachukuliwa. Aliyeongoza kura za maoni akikatwa, sababu itolewe kwa maandishi kwa mkutano uliompigia kura. Na suala la mgombea binafsi lirudishwe mbele ya wananchi, maana mahakama zimekwisha sema na Tume zimekwisha andika.

Najua hofu iliyopo: mlango ukifunguliwa, wataingia hata wasiofaa. Ni kweli, wataingia. Lakini chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chama chenye sera inayowafaa wakulima, wafanyakazi na vijana wasio na kazi hakina sababu ya kumwogopa mtu aliyesimama peke yake juu ya kreti la soda akiomba kura. Kikimwogopa, basi ugonjwa hauko kwa mtu yule.

Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu wa shule pale Pugu kabla hajaiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Machoni pa serikali ya wakati ule yeye ndiye aliyekuwa mgombea asiyetarajiwa. Kila chama kikongwe kilianza kikiwa mgeni mlangoni, na hakuna kilichoingia ndani kwa hisani ya walinda mlango. Kiliingizwa na watu. Watu hao bado wapo, wana kadi zao mfukoni, na wanangoja kuitwa kuchagua. Tuwape, kabla hawajachukua wenyewe.

Maswali nayakaribisha, hasa yale magumu.